Mbwa Wanne na Mume Mmoja

Matanga ya mume wangu Deo yalikuwa yameanza kupungua watu MaZondi alipoingia. Sikumtambua mara moja. Niliona bibi wa Kizulu, mnene, blanketi begani kama wanavyovaa wao wakienda msibani, amesimama mlangoni akihema, maana lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa tena na sisi tunakaa ghorofa ya tisa. Wamama wa kanisa walijisogeza kwenye godoro wakampa nafasi. Badala ya kukaa, alinitazama, akapiga makofi mara moja, akasema kwa Kizulu, "Hawu, Odette, na wewe umezeeka!" Hapo nikaisikia sauti ya jikoni kule shambani tulikofanya kazi zamani, nikalia kilio ambacho hata makaburini sikukilia. Mjukuu wake alikuwa ameiona picha ya Deo kwenye simu, watu wakiandika pole, akamwonyesha bibi yake, na bibi akapanda teksi kutoka huko mbali bila kumpigia mtu simu.

Alipokwisha kunywa chai aliwageukia watoto wangu akauliza kama baba yao aliwahi kuwaeleza habari za mbwa. Walitazamana. "Mbwa gani, Gogo?" akauliza Neema, mkubwa wangu, akimwita bibi kwa Kizulu. Kwao baba ni yule mlinzi wa magari wa South Beach hapa Durban, jaketi la njano, anayewaelekeza madereva kwa mkono na kusema "sharp, boss", yaani sawa, bosi, mtu akimpa chochote. Neema anakaa Queensburgh na ana kimbwa cha manyoya kinacholala kwenye kochi kama mtoto wa tajiri. Kila tulipokwenda kula kwake Jumapili, Deo aliomba kitolewe nje kabla hajaketi. Watoto wote waliamini baba yao anaogopa mbwa. Kuogopa! Nilitaka kucheka katikati ya msiba wangu mwenyewe. Basi ndiyo sababu naandika mambo ya mwaka ule, kwa ajili yao, na kwa sababu tangu MaZondi aondoke silali vizuri.

Tulivyotoka Kongo sitaeleza hapa. Albert Park, mtaa wetu, kila mlango una hadithi hiyo, na yangu haizidi ya jirani. Nitaanzia siku mchungaji wetu alipotuita nyuma ya kanisa akasema, "Iko shamba moja kule juu milimani, upande wa Lesotho. Banatafuta bwana na bibi. Bibi wa cuisine, wa kupika, bwana wa kondoo. Deo, unajua kondoo?" Deo hakupepesa jicho. "Najua muzuri sana, Pasta." Uongo mtupu. Deo alijua ng'ombe wa mjomba wake kidogo, na gitaa zaidi. Nilimfinya kiunoni, lakini tulikuwa tunalala kwenye benchi za kanisa na mvua ilikuwa inaingia, kwa hiyo nilimfinya taratibu. Tulikuwa tumeoana mwaka huohuo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo mrefu kuliko sasa.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja Mzungu na mkewe. Mimi na Deo tuliwaita patron na madame, na jina la Kizulu walilopewa na wafanyakazi sikuwahi kulishika vizuri. Nakumbuka baridi kwanza. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje nikaona majani meupe, nikadhani mtu amemwaga unga. Chumba chetu kilikuwa kimoja, bati juu, dirisha dogo linalotazama banda la mbwa. Lakini jiko la nyumba kubwa, jiko lile! Hakuna nyumba niliyoipenda Afrika Kusini kama jiko lile. Palikuwa na jiko jeusi la kuni lisilozimwa tangu asubuhi hadi jioni, meza yenye alama za visu vya watu waliokufa zamani, na nyuma yake kichumba cha kuvulia viatu vya mvua, kilichonuka mafuta ya manyoya ya kondoo na mbwa walioloa. Kwenye ukuta wa chumba cha kulia palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Wazungu walikisahau kile kidirisha. Mimi na MaZondi, aliyekuwa mpishi mkubwa pale, tulisikia kila kitu: meno ya patron, simu za mtoto wao aliyehamia Australia, ugomvi wa nani ameacha geti wazi.

MaZondi alinifundisha kazi, na kazi ya kwanza ilinichekesha. Nje, kando ya ukuta, palikuwa na sufuria kubwa ya chuma yenye miguu mitatu, na kila alasiri nilipaswa kupika humo unga wa mahindi, mifupa, mapafu na maboga. "Ya nani?" niliuliza. "Ya mbwa," akasema. Kwetu mbwa anajitafutia. Mimi niliyelala kwenye benchi nikila mkate mkavu, sasa nawasongea mbwa bugali! Nilikoroga kwa hasira wiki nzima. Baadaye nilizoea, na nikitaka kusema kweli, nilianza kuonja chumvi.

Walikuwa wanne. Duke ndiye alikuwa mzee wa shamba, kichwa kikubwa, manyoya meusi na kola nyeupe kama padri. Alikaa mbele kwenye pikapu kando ya patron, na kwa macho yangu nilimwona madame akipanda nyuma na magunia ili Duke asisumbuliwe. Alikula wa kwanza. Ukimkaripia, alikwenda kujilaza katikati ya njia, akakupa mgongo na kususa mpaka patron mwenyewe atoke kumbembeleza. Kazi aliijua, lakini aliifanya kama bosi anayekuja ofisini saa nne. Tess alikuwa mwembamba, ana wasiwasi wa kuzaliwa nao. Ngurumo ikipiga hata mbali, tulimkuta chini ya sinki anatetemeka, na hakuna wa kumtoa. Kwa kuwa kondoo hawakumtosha, alichunga kuku. Jioni ungewakuta kuku wote wa madame wamebanwa pembeni mwa bomba la maji, wamenyamaza kama wanasubiri kuhubiriwa, na Tess amelala mbele yao hataki hata mmoja akohoe. MaZondi alikuwa akitoka na ufagio kuwakomboa. Biscuit alikuwa wa kahawia, manyoya mafupi, kelele tupu. Wakati wa kuwaogesha kondoo dawa, walipobanana kwenye kichochoro cha mbao, Biscuit aliruka juu yao na kukimbia kwenye migongo yao kutoka mwanzo hadi mwisho, akibweka, na kondoo wakasogea. Aliiba sabuni, aliiba soksi, mara moja aliiba Biblia yangu, akairudisha na mate. Hukuweza kumkasirikia. Alikuwa kama mgeni wa harusini anayecheza kuliko wote na hajui bibi harusi ni nani.

Wa nne alikuwa mtoto wa Tess, jike, amezaliwa na jicho moja jeusi na moja jeupe lenye ubluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Watu wa kondoo kule hawalipendi jicho la namna hiyo. Wenzake waligawiwa, yeye akabaki. Patron akamwambia Deo, "Huyu jifunzie." Deo akamwita Shida. Patron aliuliza maana yake, Deo akamweleza, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo uwanja mzima ulijaa Mzungu anayeita "Sheeda! Sheeda!" na sisi wawili tukijibana tusicheke.

Walijifunza pamoja, mtu na mbwa, wote hawajui kitu. Patron alisimama kwenye uzio na fimbo yake akielekeza kwa Kiingereza: zunguka kushoto, zunguka kulia, simama. Deo alivitafsiri vyote kuwa miluzi, vidole viwili mdomoni. Alikuwa na sikio la gitaa, kwa hiyo miluzi yake haikuwa kelele kama ya wenzake. Kila mmoja ulikuwa na kichwa na mkia. Maneno aliyotumia yalikuwa mawili tu. "Lala" alipotaka alale chini, na "basi" kazi ilipokwisha. Mwanzoni kondoo walimkimbiza Shida badala ya yeye kuwakimbiza. Baadaye, sijui wiki gani, nilitoka kumwaga maji machafu nikaona kondoo wanateremka mlimani wamekusanyika kama kitambaa kinachovutwa, hakuna anayebweka, hakuna anayekimbia, na nyuma yao Shida anatambaa na lile jicho lake. Alifanya kazi kwa kutazama. Patron aliacha kuelekeza siku ile. Alitoa kofia akajikuna kichwa, akarudi nyumbani, na kwenye kidirisha tukamsikia akimwambia madame kwamba ameishi na mbwa maisha yake yote na hajapata kuwa na mmoja kama yule.

Kule wana sheria kwamba mbwa wa kazi ni wa sauti moja. Asiitwe na kila mtu, asilishwe na kila mtu, maana akiwa na mabwana wawili hatamsikiliza yeyote. Kwa hiyo Deo alikuja kuchukua bakuli la Shida mkononi mwangu kila alasiri, na mimi niliyelipika sikuruhusiwa hata kuliweka chini. Nitasema tu: nilimwonea wivu yule mbwa. Alinitendea kama wifi ambaye hakuulizwa kuhusu ndoa. Alilala kwenye kizingiti cha chumba chetu. Nikitoka, alinyanyuka, akasogea hatua mbili, akalala tena akinipa mgongo. Deo akirudi jioni angeniambia, "Leo Shida alifanya hivi, Shida alifanya vile," na bugali inapoa. "Si umuoe," nilimwambia siku moja. "Nilikutana na weye kwanza," akajibu, mdomo umejaa.

Halafu nikapata mimba ya Neema. Kabla sijamwambia Deo, kabla mimi mwenyewe sijawa na hakika, Shida alianza kunifuata. Nikienda bombani, yupo nyuma, mbali kidogo. Nikipinda kuelekea kwenye mteremko wenye barafu, alizunguka akalala mbele yangu, akanitazama kwa lile jicho mpaka nikarudi njia ya kawaida. Nilimlalamikia Deo kwamba mbwa wake amenigeuza kondoo. Deo alicheka, kisha akaacha kucheka, akanitazama tumbo. Ndivyo alivyojua. Tulikaa kitandani tumeshikana mikono kama wajinga, na mbwa amelala mlangoni, na nikafikiri moyoni kwamba mtoto wangu atazaliwa hapa na atazoea baridi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Nimekuwa na furaha nyingine, lakini si ile.

Habari ya kuuza tuliipata kwenye kidirisha. Nilikuwa nakausha sahani, MaZondi anakata mkate, na upande wa pili madame alikuwa analia. Magoti ya patron yalikuwa yamekwisha. Mtoto amewatafutia nyumba huko Australia. Ardhi imepata mtu, kondoo watakwenda kwa lori, na mbwa wataonyeshwa kazi mbele ya wanunuzi siku moja, kila mmoja aende kwa atakayempenda. MaZondi aliweka kisu chini. Yeye alikuwa na nyumba yake kijijini na umri wake. Alinitazama mimi na tumbo langu.

Kesho yake patron alikuja mwenyewe bandani, akamwambia Deo kila kitu, kofia mkononi. Akaongeza kwamba mbwa asiyepata mnunuzi atakuwa wa Deo, na kwa jicho lile, Shida huenda asipate. Na hapo mlango wa riziki ukafunguka. Chini bondeni alikaa mwalimu Khumalo, mstaafu mwenye kundi lake la kondoo, na siku nyingi alikuwa akitaka Deo amchungie. Alikuja jioni hiyo akakaa kwenye kiti chetu kimoja. Alisema chumba anacho, kizuri kuliko hiki, kuna zahanati karibu kwa ajili ya mtoto, na kazi ipo kwa miaka. Ila mbwa hana, na mbwa aliyefundishwa hawezi kumnunua kwa pensheni yake. "Njoo na mbwa," alisema. "Bila mbwa, mimi nitakutumia kufanya nini katika ile milima? Nitakuonea tu." Alikuwa mtu mwema na alisema kweli. Kwa hiyo ilikuwa hivi: tukibaki na Shida, tuna kazi na nyumba milimani. Shida akienda, tunarudi Durban kwenye benchi, na mimi nina tumbo.

Usiku ule sikumwacha alale kabla hatujapatana. "Deo, unasikia? Siku ile umuache akosee." "Akosee namna gani?" "Weye njo unapiga mulunzi. Upige mubaya. Kondoo zikimbie, bazungu bacheke, baende kwao. Mbwa atabakia ya kwetu." Alinivutia blanketi mpaka begani. Kisha akasema, "Sharp." Neno hilo moja. Nikalala usingizi mzuri.

Siku yenyewe jua lilitoka na upepo ukakata. Pikapu zilijaa uwanjani, wanaume wenye kaptula fupi na soksi ndefu, wengine na wake zao. Mimi niliwekwa kwenye meza ya chai nyuma yao, nikikata keki. Kazi ilikuwa ileile kwa kila mbwa: kuwaleta kondoo wachache kutoka mteremkoni, kuwapitisha katikati ya vizuizi viwili vya mbao, kuwaingiza kizizini. Duke alianza. Aliwaleta vizuri, kisha akawaacha mbele ya kizizi akaenda kulala ndani ya beseni la maji, na watu wakacheka kwa upendo, na akanunuliwa palepale. Tess alichukuliwa na bibi mmoja mwenye kuku wengi, nikasema Mungu ana utani. Biscuit alikosea kila kitu, lakini aliruka migongoni mwa kondoo akibweka, na wanaume wawili nusura wagombane kwa ajili yake.

Halafu Deo akatoka na Shida. MaZondi alikuwa amempelekea kikombe cha maji, akabaki kusimama karibu naye kwenye nguzo. Nilisikia wanaume waliokuwa mbele yangu wakinong'ona habari za jicho. Deo akamtuma Shida, naye mbwa akapanda mlima kama kawaida yake, akawazunguka kondoo, akaanza kuwateremsha. Walipokaribia vile vizuizi, Deo akapiga mluzi wa kulia mahali pa kushoto. Shida alisita. Akatii. Kondoo wakatawanyika, mmoja akapita kabisa katikati ya watazamaji, na kicheko kikalipuka. Mmoja mwenye kofia ya kijani alisema kwamba huyo hata kwa bure hamtaki. Nilitaka kumkatia kipande kikubwa cha keki. Tumepona, nikasema moyoni. Tumepona.

Shida aliacha kondoo. Hakuwahi kufanya hivyo, kuacha kondoo na kurudi bila kuitwa. Alirudi kwa Deo akitambaa kwa tumbo, masikio yamelala, mpaka miguuni pake. Watu walicheka zaidi. Nilimwona Deo akiinama, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia kitu. Kwa mbali pale nilidhani anamkaripia ili mchezo ukolee, nikamsifu kwa ujanja wake. Kisha akasimama wima. Alitazama upande wetu, upande wa kicheko, akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi ambao hadi leo naweza kuuimba.

Sitaweza kueleza alichofanya yule mbwa. Kondoo walikuwa wametapakaa pande tatu. Aliwakusanya bila kubweka hata mara moja, akawapitisha kwenye vizuizi kana kwamba walikuwa wanakwenda huko tangu jana, na mbele ya kizizi, kondoo mkubwa alipomgeukia na kupiga mguu chini, Shida alilala tu, akamtazama, akamtazama, mpaka yule kondoo akageuka akaingia mwenyewe. Miluzi ya Deo ilikuwa laini, haipishani na hatua zake. Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja alivua kofia. "Basi," Deo akasema, na katika ule ukimya neno lilifika mpaka kwenye keki zangu.

Mwenye kofia ya kijani ndiye aliyemnunua. Patron alimtazama Deo, uso umemwiva, lakini hakuweza kuuzuia mnada, maana mbele ya wote alikuwa ameahidi kila mbwa aende kwa atakayempenda. Alasiri nzima Deo alikaa uwanjani akimfundisha yule bwana miluzi. Alirudia mara nyingi, kwa upole, mpaka midomo ya yule mtu ikashika. Kwa kuwa hakuweza kutumia vidole, alitumia filimbi ya bati, na Deo akamshikia mkono kumwonyesha pumzi. Alimfundisha "lala", alimfundisha "basi". Mara ya mwisho yule bwana alipiga mluzi peke yake, na Shida akasimama katikati, akamtazama Deo. Deo akamgeuzia mgongo. Hivyo ndivyo wanavyofanya kule ili mbwa aelewe kwamba sauti imehama. Alisimama hivyo akitazama ukuta wa banda mpaka pikapu ilipovuka geti, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jiko, nimeshikilia tumbo, sina hata chozi kwa hasira.

Jioni nilimwekea sahani kwa kishindo. "Kiburi," nilimwambia. "Bazungu balicheka, ukashindwa kubeba. Kwa kicheko ya watu ya siku moja umeuza nyumba ya mutoto wako." Alikula. Nilingoja ajitetee ili nipate pa kushika, naye akamaliza bugali, akaosha sahani yake mwenyewe, akatoka kukaa kwenye kizingiti kitupu.

Tulirudi Durban kabla ya mwezi kwisha. Neema alizaliwa hapa. Deo alikwenda pwani kulinda magari, akisema ni kwa muda tu, na muda ukawa maisha. Wenzake huita magari kwa miluzi. Yeye alitumia mkono. Mimi nilipata kiti cha kusuka nywele saluni, na tuliishi, tusinung'unike, watoto wamesoma. Lakini kila lifti ilipokufa na mimi niko na mifuko ya sokoni chini, kila maji yalipokatika, kila mtoto alipokohoa kwa unyevu wa ukuta, nilisema. "Kiburi chako ndicho kilichotuleta hapa." Nililisema kwa mzaha, nililisema kwa ukali, nililisema mbele ya wageni. Mwisho lilikuwa kama salamu ya nyumbani. Alikuwa akitabasamu kidogo, akinipokea mifuko.

Nilipokuwa nawasimulia watoto haya pale matangani, kwa Kizulu ili mgeni naye aelewe, MaZondi alisikiliza akitikisa kichwa kila aliposikia majina ya mbwa. Nilipofika kwenye kicheko cha wale wanaume na kiburi cha Deo, nilimwona amekunja uso. Akaniuliza kwa Kizulu, "Kwa hiyo alimwambia nini?" Nikamuuliza nani. "Mbwa. Alipoinama. Mimi nilikuwa pale nimeshika kikombe. Sikujua lugha yenu, lakini alikuwa analia, Odette, machozi yanaingia mdomoni, na aliyasema maneno yale mara nyingi hata nikayashika. Siku zote nilitaka kukuuliza, halafu mkaondoka." Akafumba macho, bibi yule wa Kizulu, akayatamka taratibu, moja baada ya jingine, bila kukosea.

"Haiko weye, mama. Ni miye."

Wamama wa kanisa waliokuwa wanaosha vyombo waliacha. Neema alimtafsiria Gogo, maana mimi sikuweza: kwamba si wewe uliyekosea, ni mimi. MaZondi akasema, "Ee, nilifikiri hivyo. Alikuwa anamwomba msamaha." Akaomba chai nyingine.

Si kicheko. Mbwa alirudi akitambaa kuuliza amekosea wapi, na Deo hakuweza kumwacha aamini kwamba ni yeye. Hilo tu. Angeweza kuniambia. Jioni ile mezani, au mwaka wowote kati ya ile yote, angeweza kuniambia, nami ningejua niliolewa na mtu wa namna gani. Nimelikasirikia hilo siku kadhaa, nikamkasirikia marehemu kwenye picha yake pale juu ya televisheni. Lakini nimekumbuka kila mara niliyosema lile neno langu la kiburi, ngazini, jikoni, mbele ya watoto, na katika mara zote hizo sikuwahi hata siku moja kumuuliza kwa nini. Nilikuwa na jibu langu tayari.